Jinsi ya kujua mwili unakosa nini kabla hujanunua vidonge

Anza na daftari. Kwa siku saba andika kila unachokula na kunywa, palepale unapokula, maana ukingoja hadi jioni ndipo ukumbuke, utaandika mlo unaotamani kuwa nao na kuusahau ule ulioula. Andika na saa. Andika chai, kahawa, soda, pombe na dawa zote unazomeza, hata ile ya kutuliza kiungulia ambayo umeizoea hadi huihesabu tena kuwa dawa. Usibadilishe chochote ili kurasa zipendeze. Mimi ni muuguzi, chumba changu ni cha lishe, na kurasa za namna hiyo zikiandikwa kwa ukweli mara nyingi hunionyesha tatizo lilipo kabla karatasi ya maabara haijarudi.

Wengi huniletea kitu kingine: mfuko wa chupa. Multivitamini, mafuta ya samaki, kalsiamu, zinki, vitamini C ya miligramu 1,000, unga wa majani ambayo hata jina lake halijaandikwa. Nazipanga mezani na kuuliza, hii ni ya nini? Jibu huwa "ya kuongeza nguvu". Halafu navuta kope ya chini ya jicho na kukuta ndani peupe. Alichokosa ni chuma, na katika chupa zote zile chuma ama hakimo, ama kimo kwa kiasi kisichoweza kuziba pengo. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi pesa ya chupa hizo imekatwa kwenye pesa ya chakula.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "ninunue nini", uliza kirutubishi hicho kimepotelea wapi.

Maswali manne ya kujiuliza

Mwili hujitengenezea vitu vingi, lakini vipo ambavyo lazima vitoke nje: vitamini 13, amino asidi 9 zinazojenga protini, asidi 2 za mafuta, madini zaidi ya kumi, na maji. Vitamini D ina njia yake, kwa kuwa ngozi huitengeneza ikipigwa na jua, na niasini, yaani vitamini B3, kiasi fulani hutokana na protini. Vingine visipoingia, havipo.

Fikiria pipa la maji ambalo kila asubuhi unalikuta limepungua. Huenda bomba halitoi. Huenda linatoa lakini mdomo wa pipa umeziba. Huenda pipa linavuja kwa chini. Au watumiaji wameongezeka. Ukikimbilia kufungua bomba zaidi bila kujua ni lipi kati ya hayo, utamwaga maji tu.

Swali la kwanza basi: je, kinaingia? Hapa ndipo daftari linapojibu. Mtu asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa hana mahali pa kupata vitamini B12 isipokuwa kwenye vyakula vilivyoongezewa au kidonge. Asiyegusa tunda wala mboga mbichi kwa wiki nyingi anaelekea kukosa vitamini C.

Swali la pili: je, kinafyonzwa? Unaweza kula vizuri kabisa na bado ukakosa. Aliyekatwa sehemu ya tumbo, mwenye ugonjwa wa utumbo usiovumilia ngano, anayeharisha miezi, mzee ambaye tumbo lake limepunguza asidi, anayemeza omeprazole ya kiungulia au metformin ya kisukari kwa miaka: hawa wote nawauliza zaidi.

La tatu: je, kinavuja? Hedhi nzito, kidonda cha tumbo kinachovuja damu kidogokidogo, bawasiri, minyoo ya safura, kuhara, dawa za kukojoza zinazoondoka na potasiamu na magnesiamu.

La nne: je, mahitaji yamepanda? Mimba, kunyonyesha, mtoto anayekua kwa kasi, kuungua, kidonda kikubwa, maambukizi ya muda mrefu.

Halafu angalia muda. Akiba ya thiamini, yaani vitamini B1, huisha kwa wiki mbili au tatu tu. Vitamini C ikikatika kabisa, dalili hujitokeza ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu. B12 imehifadhiwa kwenye ini na inaweza kukuchukua miaka kadhaa. Ndiyo maana mtu anayeacha vyakula vyote vya wanyama hujiona mzima mwaka wa kwanza, akaamini hana shida, na miguu ikaja kufa ganzi wakati hata hakumbuki alibadilisha lini mlo wake.

Jisome kwenye mwanga wa mchana

Simama karibu na dirisha, si chini ya taa ya manjano, na ushuke kutoka juu kwenda chini. Dalili moja peke yake usiipe uzito. Midomo hukauka kwa baridi, nywele hukatika kwa kusukwa kwa nguvu. Zikija mbili au tatu zinazoelekea upande mmoja, na daftari likaelekea upande huohuo, hapo ndipo usimame.

Macho kwanza. Ndani ya kope ya chini panatakiwa pawe pekundu. Muulize mtoto kama anajikwaa jioni mwanga unapofifia wakati wenzake wanaona. Hiyo ni dalili ya mapema ya upungufu wa vitamini A, kabla ya weupe wa jicho kukauka na kuota mabaka yanayofanana na povu. Fungua mdomo. Ulimi wenye afya una vipele vidogo juu yake. Ukiwa laini, mwekundu na unauma, fikiria B12, foleti (yaani vitamini B9) au chuma. Pembe za mdomo zilizochanika zinaweza kutokana na riboflavini, yaani B2, au chuma, au fangasi tu kwa mtu mwenye meno bandia yasiyomkaa vizuri. Fizi zilizovimba na kutoa damu mara nyingi ni uchafu wa meno, lakini zikiandamana na vidonda visivyopona na vitone vya damu kuzunguka vinyweleo vya miguu, hicho ni kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C.

Papasa shingo ukimeza mate. Uvimbe unaopanda na kushuka na koo ni wa tezi ya thairoidi, yaani rovu, na ukosefu wa aidini, yaani madini joto, ni sababu mojawapo kubwa duniani. Kisha kucha: zilizobonyea katikati hadi zinaweza kushika tone la maji mara nyingi ni za ukosefu wa chuma wa muda mrefu. Mwishowe bonyeza kwa kidole gumba mgongo wa kila mguu, yaani upande wa juu usio wa unyayo, kwa sekunde chache. Shimo likibaki, kuna maji yamejikusanya. Kwa mtu mzima huenda ni moyo, figo au ini. Kwa mtoto mdogo aliyedhoofu, nywele zimefifia rangi na ngozi inabanduka, huo ni unyafuzi na safari ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Chuma, kwa urefu, kwa sababu ndicho ninachokutana nacho kila wiki

Mama mmoja alinijia akiwa na aibu. Alikuwa anatafuna barafu usiku kucha, anaamka kwenda kwenye friji kama mtu mwenye njaa, na alidhani amepata tatizo la akili. Hakuwa nalo. Hamu ya barafu, udongo, chaki au mchele mbichi ni dalili ya ukosefu wa chuma inayofichwa sana kwa sababu ya aibu, na mara nyingi hupotea chuma kikirudi, hata kabla damu haijapanda vya kutosha. Kama unayo, iseme. Hakuna muuguzi anayefaa kukucheka.

Dalili nyingine ni uchovu usioisha kwa kulala, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, kuhema, kichwa kuuma, baridi ya mikono, nywele kukatika. Shirika la Afya Duniani huita upungufu wa damu pale himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, inaposhuka chini ya gramu 130 kwa lita kwa mwanamume, 120 kwa mwanamke asiye mjamzito na 110 kwa mjamzito, au 105 akiwa katika miezi mitatu ya kati. Lakini akiba ya chuma huisha kabla himoglobini haijashuka. Kwa hiyo omba na kipimo cha feritini, ambacho hupima akiba. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, chini ya mikrogramu 15 kwa lita ni akiba iliyokwisha. Na ujue kwamba feritini hupanda ukiwa na maambukizi au uvimbe mwilini, hivyo namba nzuri uliyoipata ukiwa na homa haikuthibitishii chochote.

Mwanamume mzima anahitaji takriban miligramu 8 kwa siku, mwanamke anayeona hedhi 18, mjamzito 27. Tazama pengo hilo kati ya 8 na 18, halafu ufikirie nyumba ambazo mama hujipakulia wa mwisho.

Kwenye sahani, chuma cha nyama, ini na samaki hufyonzwa vizuri. Cha maharage, dengu na mboga za majani hufyonzwa kidogo, mara nyingi chini ya asilimia 10. Hilo halina maana uache maharage. Lina maana uyape msaada. Yaloweke usiku kucha na umwage maji yake. Weka kitu chenye vitamini C kwenye mlo uleule: ndimu, nyanya mbichi, pilipili hoho, chungwa, papai. Kipande kidogo cha nyama au samaki ndani ya maharage kinasaidia chuma cha maharage yenyewe kufyonzwa. Na chai au kahawa isogeze mbali na mlo, angalau saa moja. Hapo ndipo saa ulizoandika kwenye daftari zinapofaa: mara nyingi nakuta mlo hauna kasoro, ila kila mlo umesindikizwa na kikombe cha chai nzito.

Upungufu ukishathibitishwa, chakula peke yake hakitoshi, unahitaji vidonge. Vimeze tumbo likiwa halina kitu, pamoja na tunda lenye vitamini C, mbali na maziwa, chai, kalsiamu na dawa za kiungulia. Vikikusumbua tumbo, kula kidogo kwanza. Kidonge kilichomezwa na chakula kina faida kuliko kilichoachwa kabatini. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Tafiti za wanawake wenye akiba ndogo zimeonyesha kwamba kumeza siku moja na kuruka moja kunaweza kufyonzwa vizuri zaidi, kwa kuwa dozi ya leo huamsha homoni ya ini iitwayo hepsidini inayozuia dozi inayofuata. Zungumza na anayekuhudumia kabla ya kubadilisha ratiba. Na himoglobini ikisharudi, usiache hapohapo. Endelea kama miezi mitatu ili akiba ijae, la sivyo utarudi ulikotoka.

Vifungie mahali mtoto hafiki. Chuma kikizidi humuua mtoto mdogo, na vidonge vingi vya chuma vimepakwa rangi na sukari kama pipi.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila mwanamume, na kila mwanamke aliyekoma hedhi: ukikutwa na ukosefu wa chuma, usiridhike na vidonge. Huenda damu inatoka mahali. Omba tumbo na utumbo vichunguzwe, kwa sababu vidonda na saratani ya utumbo hujificha nyuma ya "upungufu wa damu wa kawaida" hadi vichelewe.

B12 na foleti: wanaofanana damu, wanaotofautiana mishipa

Hawa wawili wakikosekana, chembe nyekundu za damu huwa kubwa kupita kiasi na chache. Kwenye karatasi ya vipimo vya damu hutaweza kuwatofautisha kwa kutazama tu. Tofauti ni kwamba kukosa B12 huharibu mishipa ya fahamu na uti wa mgongo. Nyayo huanza kuwaka moto au kufa ganzi, sawasawa kushoto na kulia. Ukifumba macho bafuni unayumba. Kumbukumbu inapungua, na ndugu wanasema ni uzee.

Hapo ndipo hatari ya kumeza asidi ya foliki, yaani foleti ya kidonge, kwa kubahatisha ilipo. Dozi kubwa ya foliki inaweza kuirekebisha damu ya mtu anayekosa B12, himoglobini ikapanda, kila mtu akafurahi, huku mishipa ikiendelea kufa chini kwa chini. Pima B12 kabla ya kuongeza foliki nyingi. Uharibifu wa mishipa ukikaa sana haurudi wote.

Mahitaji ya B12 ni madogo ajabu, mikrogramu 2.4 kwa siku, lakini ili ifyonzwe tumbo lazima litoe protini maalumu ya kuibeba. Mwili ukishambulia chembe zinazotoa protini hiyo, unaweza kula nyama kila siku na bado ukapungukiwa. Ugonjwa huo uliua watu hadi mwaka 1926, madaktari George Minot na William Murphy walipoonyesha kwamba wagonjwa waliolishwa ini kwa wingi kila siku walipona. Mwaka 1934 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na George Whipple. Leo tunatumia sindano, au vidonge vya mikrogramu 1,000, ambavyo hufanya kazi kwa sababu sehemu ndogo sana ya dozi kubwa hupenya bila msaada wa protini ile. Mama anayenyonyesha na asiyekula chochote cha mnyama asichelewe: mtoto wake hategemei akiba ya miaka kama yeye.

Foleti imo kwenye mboga za majani, maharage, dengu, ini na machungwa, na huharibika ikichemshwa sana. Usichemshe mboga hadi ibadilike rangi ukamwaga maji. Ipike kwa muda mfupi, kwa maji kidogo.

Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, maneno haya ayachukue kwa uzito wote. Mfereji wa neva wa mtoto, ambao ndio utakuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga kufikia takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Wengi siku hiyo hata hawajajua kama wana mimba. Kuanza foliki kwenye kliniki ya kwanza miezi mitatu baadaye ni vizuri kwa damu ya mama, lakini kwa mgongo wazi, yaani mfereji huo usipofunga, ni kuchelewa. Kidonge cha mikrogramu 400 kila siku kianze angalau mwezi mmoja kabla, kiendelee hadi wiki ya 12. Mwaka 1991 utafiti mkubwa wa Uingereza uliofanyika katika nchi kadhaa ulionyesha kwamba kwa wanawake waliowahi kupata mtoto mwenye tatizo hilo, foliki ilizuia asilimia 72 ya kujirudia kwake. Wanawake wa kundi hilo huhitaji dozi kubwa zaidi, nayo daktari ndiye anayeiandika.

Vingine, kila kimoja kwa kadiri yake

Aidini: tumia chumvi iliyoongezwa madini joto, ifunike mbali na unyevu na jua, uitie chakula kinapokaribia kuiva. Uswisi ilianza kuiongeza kwenye chumvi mwaka 1922 na rovu likaanza kutoweka. Uzito wa jambo hili hauko shingoni. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 kwa siku, na akikosa sana mtoto huzaliwa na ubongo uliodumaa maisha yake yote. Hii haikuruhusu kuongeza chumvi: jumla ibaki chini ya gramu 5 kwa siku.

Vitamini A iko kwenye ini, mayai, maziwa, na kama karotini kwenye mboga za kijani kilichokolea na vyakula vya rangi ya machungwa kama karoti, boga, viazi vitamu vya njano na embe. Inahitaji mafuta kidogo ili ifyonzwe, kwa hiyo mboga iliyochemshwa tupu inakupa kidogo kuliko ilicho nacho. Ile ya kidonge ikizidi kwa mjamzito huweza kumlemaza mtoto tumboni. Mjamzito asimeze vitamini A kwa kujiandikia.

Vitamini D: ngozi nyeusi huhitaji jua la muda mrefu zaidi, na jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halitengenezi kitu. Mtoto akikosa anapata matege, mtu mzima anaumwa mifupa na misuli ya mapaja inashindwa kumwinua kitini. Wa hatari zaidi ni wanaokaa ndani, wanaofunika mwili wote na wazee. Kalsiamu nayo inachanganya watu kwenye maabara. Asilimia 99 yake imo kwenye mifupa na meno, na damu ikipungukiwa huikopa humo. Kwa hiyo kipimo cha damu kinaweza kuwa sawa kabisa huku mifupa ikiliwa. Hesabu badala yake unachokula: maziwa, mtindi, samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, ufuta, baadhi ya mboga za majani.

Vitamini C imebeba hadithi ninayoipenda. Mwaka 1747, ndani ya meli ya Salisbury, daktari James Lind aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili na kuwapa tiba sita tofauti, kati yake maji ya bahari, siki na machungwa na malimau. Waliopewa matunda waliamka ndani ya siku chache. Jeshi la majini la Uingereza lilikuja kuagiza mabaharia wagawiwe maji ya limau mwaka 1795, baada ya karibu miaka hamsini. Kiasi kinachozuia kiseyeye ni kama miligramu 10 tu kwa siku, kidogo kuliko iliyomo kwenye chungwa moja. Leo kiseyeye nakikuta kwa wazee wanaoishi peke yao kwa chai na mkate, na kwa watoto wanaokataa vyakula vyote isipokuwa aina mbili au tatu.

Ukosefu wa thiamini na wa niasini umeua watu wengi kwa njia moja: nafaka moja ikitawala sahani. Daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, akiwa Java miaka ya 1890, aliona kuku waliolishwa wali mweupe wakipooza na kupona walipopewa mchele usiokobolewa. Thiamini, ambayo kuikosa huleta ugonjwa wa beriberi, ilikuwa kwenye ganda lililotupwa. Niasini ya mahindi nayo imefungwa kiasi kwamba mwili hauifikii, isipokuwa yakichemshwa na chokaa kama walivyofanya watu wa kale wa Meksiko. Pelagra inayotokana na hilo huanza na ngozi kubabuka sehemu zinazopigwa na jua, mikono na shingo, kisha kuhara, kisha akili kuvurugika. Madaktari waliamini inaambukiza hadi daktari Joseph Goldberger, Marekani mwaka 1916, alipojidunga yeye na wenzake damu ya wagonjwa na hakuna aliyeugua. Mlo wenye maharage, karanga, mayai au maziwa pembeni ya nafaka huzuia magonjwa yote mawili.

Zinki haina kipimo cha damu cha kutegemewa sana. Fikiria upungufu wake mtoto akidumaa, akiharisha mara kwa mara, vidonda vikichelewa kupona au ladha ikipotea. Kwa mtoto anayeharisha, pamoja na maji ya chumvichumvi ya kuzuia ukavu, hupewa miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na nusu yake akiwa chini ya miezi sita. Kuimeza miezi na miezi bila sababu huziba njia ya shaba, na ukosefu wa shaba huleta upungufu wa damu na ganzi, yaani mtu anajitengenezea ugonjwa mpya kwa pesa yake.

Na protini? Mtu mzima mwenye afya anahitaji kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito. Anayekula shibe ya vyakula mchanganyiko, jamii ya kunde pamoja na nafaka, huifikia bila unga wa kopo. Wanaokosa ni watoto walioachishwa ziwa na kubaki na uji mtupu, wagonjwa wa muda mrefu, na wazee waliopoteza hamu.

Ukifika hospitali

Usiseme "nipime vitamini zote". Sema dalili, zimeanza lini, maswali manne yamekujibu nini, na dawa unazotumia. Kwa uchovu na weupe wa macho: picha kamili ya damu na feritini. Kwa ganzi ya miguu: B12, na sukari pia. Kwa maumivu ya mifupa: vitamini D. Hakikisha damu imechukuliwa kabla hujaanza kidonge, kwa sababu B12 ya dukani ya wiki mbili inaweza kuficha jibu.

Mengine hayangoji miadi. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzingo wa mkono wake wa juu uko chini ya sentimita 11.5, au miguu yote miwili imevimba. Mtu mwenye weupe ndani ya kope anayehema akiwa amekaa. Mjamzito asiyeona njia giza likiingia. Mtu aliyekaa zaidi ya siku kumi karibu bila kula: usimpe sahani kubwa kwa huruma, maana chakula kingi kikiingia ghafla fosfeti, potasiamu na magnesiamu hushuka kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Mpe kidogokidogo njiani, hospitali wapange kiasi.

Na mama mjamzito aliyetapika wiki nyingi, au mtu anayekunywa pombe kila siku na asiyekula vizuri, akianza kuyumba, kuona vitu viwili viwili au kuchanganyikiwa, mpeleke haraka. Mwambie daktari au muuguzi aliye zamu neno thiamini, na ulirudie, kabla dripu ya glukosi haijafunguliwa, maana sukari hiyo humaliza thiamini kidogo iliyobaki.